Barua ya wazi kwa wakuu wa ujenzi: njooni kabla slabu haijamwagwa

Kwa Waheshimiwa Magavana na Mawaziri wa Kaunti wanaosimamia ardhi, mipango ya miji na ujenzi Kisumu, Nakuru, Kakamega, Busia na kaunti jirani. Na kwa wakuu wa Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi.

Waheshimiwa,

Mimi ni fomani wa mjengo. Nilianza na karai, nikashika mwiko, nikafunga vyuma, na siku hizi nasimamia watu. Nyumbani ni Manyatta, Kisumu, ila kazi hii haimfungi mtu mahali pamoja. Nimelala kwenye stoo za simiti Nakuru, Kakamega na Bumala nikilinda mifuko ya watu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu makaratasi ya ujenzi huja kwa Kiingereza, na nimeona mafundi wengi wakitia sahihi wasichokisoma.

Jambo langu ni moja: wakaguzi wanafika wakiwa wamechelewa.

Sisemi hawafiki. Gari huja, kadi ya ukaguzi hutiwa sahihi, picha mbili tatu hupigwa, mtu akaenda zake. Lakini mkaguzi akifika akakuta slabu, ile sakafu ya zege, imeshamwagwa na kolamu, zile nguzo za zege, zimeshavuliwa mbao, anakagua nini? Anaona uso wa zege tu, na uso wa zege hata fundi mbovu anajua kuulainisha. Vyuma viko vingapi, vimekaa wapi, ringi zinazovizunguka na kuvifunga zimeachana kiasi gani, msingi umekanyaga udongo gani, yote hayo yameshazikwa. Ukitaka kuyajua baada ya hapo lazima uje na mashine ya kutafuta vyuma ndani ya zege, au utoboe utoe kipande ukakivunje maabara. Hiyo ni gharama, na kwenye ploti ya kawaida ya Nyalenda au Kaptembwo sijawahi kuiona ikifanyika.

Niwaeleze siku ya slabu ilivyo, maana nadhani wengi wenu hamjawahi kukaa nayo toka alfajiri. Saa kumi na mbili asubuhi vibarua wako getini, na slabu ikiwa kubwa wanafika hamsini. Mikisa ya kukoroga zege imekodishwa, poka ya kulishindilia imekodishwa, winchi imekodishwa, vyote kwa siku. Mama wa chakula ameshabandika maharagwe ya watu wote hao. Mikisa ikishaanza kunguruma haizimwi mpaka slabu iishe, hata kama mtamalizia usiku kwa tochi za simu. Sasa mkaguzi anaingia saa nne asubuhi. Upande ambao haujamwagwa anaona ringi za bimu, ile mihimili inayobeba slabu, zimeachana kuliko zilivyochorwa. Atafanya nini? Akisema simamisheni, zege lililo kwenye mikisa litaganda, lililomwagwa litaacha kiungo kibaya katikati ya bimu, vibarua watataka hela yao ya siku, na mwenye ploti atampigia simu mtu fulani aliye juu ya mkaguzi. Hata mkaguzi mwaminifu kabisa, asiyegusa chai ya mtu, hapo atameza mate na kusema, "Basi rekebisheni mkiendelea." Nasi tutaitikia, "Sawa mkubwa." Akigeuka tu, karai zinaendelea kupanda.

Kwa hiyo mkinishinda kwa mengine yote, hili moja nipeni. Siku ya kumwaga isiwe siku ya kukagua. Ukaguzi ufanyike jana yake au juzi yake, vyuma vikiwa vimefungwa na mbao zikiwa wazi, na pasiwe na mikisa itakayoingia getini kabla ya karatasi ya ruhusa kutiwa sahihi. Jana yake, kusimamisha kazi hakugharimu kitu ila maneno ya mwenye nyumba. Mafundi wawili wakipewa nusu siku na waya wa kufungia, wanayamaliza makosa karibu yote.

Nimeona kazi hii ikifanywa inavyotakiwa, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu haikuhitaji semina wala mashine ya ng'ambo. Lilikuwa jengo la kupangisha nje kidogo ya Kisumu, tunajiandaa kumwaga slabu ya ghorofa ya pili. Mkaguzi alikuwa msichana ambaye angeweza kuwa mwanangu. Alifika na bodaboda saa tisa mchana, siku moja kabla, amevaa buti zilizochakaa, nikajua huyu si wa kupiga picha. Hakuuliza mwenye jengo yuko wapi. Aliuliza michoro iko wapi. Nikamletea, akaikunjua juu ya mifuko ya simiti, akaweka kidole kwenye kolamu moja ya pembeni, kisha akapanda ngazi ya miti.

Alianza na ringi. Akapima kwa futi, ile tepu ya kupimia, sehemu kolamu inapokutana na bimu. Mchoro unasema milimita 150, inchi sita. Mbele, upande unaoonekana kutoka ngazini, zilikuwa inchi sita kweli. Akazunguka nyuma ya kolamu ambako mtu hupita kwa kujikunja, akapima tena: inchi kumi, inchi kumi na moja. Hakugomba. Alichora mstari kwa chaki, akaendelea.

Halafu akaenda kwenye balkoni. Hapa nawaomba wasio mafundi wanisikilize vizuri. Slabu ya kawaida, iliyoshikwa pande zote, hulemewa ikavutika kwa chini, ndiyo maana vyuma vyake vikubwa huwekwa chini. Balkoni imeshikwa upande mmoja tu, nyingine yote inaning'inia. Hiyo huvutika kwa juu. Chuma kinachoibeba ni kile cha juu, na hukaa juu kwa sababu kimewekewa viti vya chuma chini yake. Siku ya slabu, vibarua hamsini wanapita na karai juu ya vyuma vile. Viti vikiwa vichache au vyepesi, chuma cha juu kinakanyagwa mpaka kinalala chini, zege linakifunika, na kuanzia hapo hakuna jicho litakalojua. Balkoni itasimama kwa sababu ya mbao. Mbao zikitolewa itasimama kwa bahati. Siku watoto kumi watakapoinamia ukuta wake kuangalia harusi ikipita, bahati inaweza kuisha. Yule mkaguzi alikanyaga vyuma vya juu kwa kisigino, vikazama mpaka vikagusa mbao. Akaniangalia. Mimi nikamwangalia aliyefunga.

Akainama kutafuta biskuti. Msiojua, biskuti ni vile vitofali vidogo vya simiti vinavyowekwa chini ya chuma ili kisilale kwenye mbao, kibaki na zege la kukifunika, kwenye slabu kama inchi moja. Zilikuwepo karibu na ngazi. Mbele zaidi palikuwa na vijiwe vya kokoto, na mbele zaidi hapakuwa na kitu.

La mwisho ndilo lililonifurahisha. Aliomba chuma kimoja cha 12 kutoka kwenye rundo, akasema kipelekwe kwa jirani anayenunua vyuma chakavu kikapimwe uzito. Chuma cha milimita 12 chenye urefu wa mita 12 kinatakiwa kiwe na uzito wa kilo kumi na nusu na zaidi kidogo, kama 10.7. Kile kilikuja kilo tisa kasoro. Maana yake ni kwamba unene wake ulikuwa karibu milimita 11. Kwa macho hutambui, kwa futi ya fundi hutambui, lakini ukipiga hesabu jengo zima limeibiwa karibu moja ya sita ya chuma chake kabla fundi hajagusa kitu. Hapo kosa halikuwa la mjengo, lilianzia kwenye hadiweya. Mwenye jengo mwenyewe hakujua. Alikuwa amelipia cha 12. Kelele alizokuwa akimpigia mkaguzi kwenye simu zikahamia kwa muuzaji.

Slabu haikumwagwa siku iliyofuata. Ilimwagwa baadaye, ringi zikiwa zimeongezwa, viti vimewekwa, na vyuma vya ziada vimefungwa kama injinia alivyoelekeza. Wapangaji wa jengo lile leo wanalalamikia maji tu.

Waheshimiwa, vifaa vya yule dada vilikuwa futi, chaki, kisigino na mizani ya chuma chakavu. Tofauti yake na wengine ni kwamba alifika mapema na alikubali kuinama.

Ule ukaguzi mwingine tunaujua, wa msafara na kofia mpya za plastiki. Mnamo Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alizuru daraja la Sigiri kule Budalang'i, juu ya Mto Nzoia, likiwa bado linajengwa. Kama wiki mbili baadaye, tarehe 26 Juni, sehemu ya katikati ikaanguka na wafanyakazi wakaumia. Simlaumu Rais, kuhesabu vyuma si kazi yake. Lakini kila ninapoona kiongozi ameelekeza kidole kwenye bimu huku kamera zikimfuata, nakumbuka Sigiri, na najiuliza kama yuko mtu aliyebaki nyuma kuangalia kile ambacho kidole hakikuonyesha.

Huruma, Nairobi, mmeisikia mpaka basi. Aprili 29, 2016, mvua kubwa usiku, jengo la ghorofa sita likalala chini na watu kama hamsini. Jengo lile tayari lilikuwa limeorodheshwa kubomolewa. Baada yake wakaguzi wakapita miji mingi wakichora alama ya X kwa rangi nyekundu. Mimi X ile siipendi, na nitasema kwa nini. X inawekwa jengo likiwa limejaa watu, na mpangaji anayelipa kodi ndogo Obunga au Bondeni hana pa kwenda. Mwenye nyumba anashusha kodi mia mbili, watu wanabaki, mvua inafuta rangi. Kila X ni kadi ya ukaguzi ambayo mtu hakuifanyia kazi pale msingi ulipokuwa wazi.

Turudi kwenye msingi, maana huko ndiko Kisumu inakotudanganya zaidi. Kuanzia Nyamasaria ukiteremka kuelekea Kano, udongo ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Dawa yake inajulikana: uchimbe mpaka uumalize ufike kwenye ardhi ngumu, au injinia akuchoree msingi wa slabu nzima. Kuchimba kunakula hela. Nimesimama kwenye shimo lenye kina cha futi nne, udongo bado mweusi ti, na mwenye ploti juu ananiambia, "Fundi, hapo panatosha, tuweke mawe." Ukikataa, kesho kuna fomani mwingine. Mkaguzi akija wakati ule akateremka ndani ya mtaro, akachoma kwa nondo ya kuchimbia, mambo yanaisha hapo, na lawama ni zake wala si zangu. Akija baada ya ukuta kufika kwenye lenta, ule mhimili wa juu ya milango na madirisha, anaona mawe mazuri yaliyopangwa kwa timazi. Nakuru ni hadithi nyingine kabisa. Kule udongo wa majivu ya volkano unaonekana mkavu na mgumu, watu wanaujengea haraka, kisha maji ya mvua au ya bomba lililopasuka yanauosha chini kwa chini mpaka ardhi inafunguka. Mtaro wa maji machafu usiofungwa vizuri Nakuru ni hatari kuliko ufa wa ukutani.

Na kwa vile nimegusa ufa: ile methali ya ufa na ukuta mmeshaisikia mpaka imewachosha, tuongee juu ya nyufa zenyewe. Wapangaji wanaogopa zisizoogopesha na kupuuza zinazoua. Vile vyufa vyembamba kama nyuzi vilivyotapakaa juu ya plasta mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka bila kumwagiliwa maji. Ni aibu ya fundi tu. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha ukashuka kwa ngazi ngazi kufuata maungio ya mawe, huo unasema msingi unazama upande mmoja. Ufa ulionyooka kwenye pembe ya kolamu, wenye doa la kutu, unasema chuma kiko karibu mno na nje. Kikishika kutu hunenepa na kusukuma zege litoke. Hapo ndipo zile biskuti zilizokosekana hujitokeza, miaka kadhaa baadaye. Na ufa wa kulala mshazari kwenye bimu, karibu na pale inapokalia kolamu, usisubiri mtu aje na fomu. Watu watoke. Kama hujui ufa unakua au umelala, bandika kipande chembamba cha plasta ya jasi juu yake, andika tarehe, kikikatika ujue ukuta bado unatembea. Mambo haya yangeweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili na Kijaluo, ukabandikwa kwenye kila ofisi ya chifu. Sijaona hata mmoja.

Sasa maji, ambayo hakuna anayeyapigia kelele kwa sababu ni ya bure. Mfuko wa simiti wa kilo 50 unatosheka na kama lita 25, pamoja na unyevu uliomo kwenye mchanga. Zege la namna hiyo ni zito, linashikana kwenye beleshi, na wabeba karai hawalipendi. Watapiga mbinja: "Ongeza maji!" Aliye kwenye mikisa anaongeza mtungi wa pili. Sasa ni lita 40. Zege linateremka lenyewe, watu wanafurahi, slabu inaisha mapema, na nguvu imepungua vibaya sana kwa sababu yale maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu. Kipimo chake ni ile koni ya chuma ya milimita 300: unaijaza, unaivua, unaangalia zege limeshuka kiasi gani. Likimwagika kama uji, mikisa nzima irudishwe. Kipimo hicho hakichukui dakika kumi. Mara ya mwisho niliyoona koni kwenye mjengo wa mtu binafsi, ilikuwa imegeuzwa kigoda cha mlinzi.

Mchanga nao. Wa Nzoia si sawa na wa Nyando, na lori likichelewa huleta uliokusanywa popote. Weka kiasi kwenye chupa ya plastiki, jaza maji, tikisa, uache utulie. Tope litakaa juu kama utando wa kahawia. Likizidi kama asilimia nane ya mchanga, rudisha lori. Yapite hayo.

Kyubu ndizo zinazoniudhi. Sheria inataka zege lijazwe kwenye vile visanduku vya milimita 150, livunjwe maabara likiwa na siku 7 na siku 28. Wazo zuri kabisa. Lakini nani anazijaza? Nimeona mahali ambapo zege la kyubu lilikorogwa peke yake kwenye karai safi, simiti imeongezwa, maji yamepimwa kwa kikombe, limeshindiliwa kama keki ya harusi, ilhali juu slabu inamwagwa uji. Karatasi ya maabara ikaja imejaa namba nzuri, ikawekwa kwenye faili lenu. Maabara haikudanganya, ilipima ilichopelekewa. Mkaguzi ndiye anayepaswa kuonyesha kwa kidole: chukueni kwenye mikisa hii, sasa hivi, nikiona. Aandike jina lake kwenye kyubu zege likiwa bado bichi.

Hata kyubu ikiwa ya kweli, siku 28 ni nyingi kwa mwenye haraka. Miti ya mkaratusi inayoshikilia slabu ni ya kukodi au inatakiwa kwenye jengo la pili. Kwa siku 7 zege huwa limefika kama theluthi mbili ya nguvu yake, na hiyo ni kama limemwagiliwa maji kila siku. Unakuta wiki haijaisha vizuri, miti ya chini imeng'olewa na mawe ya ghorofa ya juu yamerundikwa katikati ya slabu ile ile changa. Ukitaka kujua ni majengo gani ya kukaguliwa kwanza, usiangalie faili. Pita barabarani, tazama ni wapi ghorofa inaongezeka kila wiki mbili.

Pita Jumamosi jioni na Jumapili. Wenye kuongeza ghorofa ambazo hazimo kwenye michoro hawafanyi hivyo Jumanne. Wanajua ofisi inafungwa Ijumaa na sikukuu ya Jumatatu ikiungana nayo wana siku tatu. Jengo lilipita kwenye makaratasi kama ghorofa tatu, msingi ukachimbwa wa tatu, kolamu zikasukwa za tatu, na vyuma vikaachwa vimechomoza juu "kwa siku za usoni". Mnaviona. Kila anayepita Kondele au Lurambi anaviona. Tangu Nakuru ipandishwe kuwa jiji Desemba 2021, bei ya ploti imepanda na vyuma vilivyochomoza vimekuwa vingi zaidi.

Msije mkanijibu kwamba sheria haitoshi. Sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ni ya 2011. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 imewapa kaunti uwezo wa kutoa na kunyima ruhusa. Zile kanuni za majengo za 1968, tulizobeba kwa zaidi ya nusu karne, zimeondolewa na mahali pake pamewekwa kanuni mpya za taifa za 2024. Karatasi tunazo. Tena Mamlaka inasajili wakandarasi kwa madaraja, kuanzia la 1 mpaka la 8, na inaandikisha wasimamizi na mafundi pia.

Nitashikilia hapo kwenye kuandikisha. Kila tukilalamika, jibu ni kwamba wakaguzi ni wachache na gari halina mafuta. Naamini ni kweli. Lakini mnayo orodha ya mafomani na wasimamizi walioandikishwa, wengine wameshazeeka, magoti hayapandi tena ngazi ya miti kila siku lakini macho ni mazima. Mzee aliyefunga vyuma maisha yake yote hahitaji kusoma mchoro mara mbili ili ajue ringi zimeibwa nyuma ya kolamu. Anajua kwa sababu anajua angezificha wapi. Waajirini kwa siku. Mmoja kwa wadi, apewe futi, koni, simu ya kupigia picha vyuma kabla ya kufunikwa, na nauli ya bodaboda. Sahihi ya mwisho ibaki ya injinia wa kaunti, lakini asitie sahihi bila picha za yule mzee. Mtasema watakula chai. Baadhi watakula. Ndiyo maana nataka picha, na tarehe, na majina yote mawili yaandikwe kwenye ubao wa mradi pale getini, chini ya jina la mkandarasi: msingi umekaguliwa na fulani, tarehe fulani, slabu ya kwanza na fulani. Mtu ambaye jina lake liko barabarani, mbele ya majirani wanaomjua, anapima kwa makini zaidi.

Halafu tulindeni sisi. Fundi akiona jambo baya ana njia mbili, anyamaze au aache kazi. Akipiga simu ofisini, mara nyingi jina lake linafika kwa mwenye jengo kabla ya mkaguzi. Nawajua vijana wazuri waliotupiwa vifaa vyao nje ya geti kwa kusema kokoto zina vumbi. Wekeni namba ambayo mtu anaweza kutuma picha bila kutaja jina, na anayeijibu asiwe wa ofisi ile ile iliyotoa ruhusa.

Msisahau pia vitu visivyokuwa ghorofa. Darasa lililoanguka Dagoretti Septemba 2019 na kuua wanafunzi halikuwa mnara. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, lililopasuka tarehe 9 Mei 2018 na kubeba watu zaidi ya 40, lilikuwa ukuta wa udongo tu. Na nikitazama baadhi ya shule zetu za binafsi Kakamega na Vihiga, zile ngazi zisizolingana kimo, moja inchi sita na nyingine tisa, moyo unanidunda. Ngazi kama hizo mkaguzi hahitaji kipimo chochote, apande na kushuka mwenyewe mara mbili kwa haraka.

Mvua za masika hazitungoji. Anzeni na majengo ambayo leo hii yako kwenye msingi au vyuma vya slabu ya kwanza, hayo bado yanasemeka. Mkitaka kunisikiliza, mimi na mafomani wenzangu wa Manyatta na Nyalenda tuko tayari kuja ofisini kwenu, au mje ninyi mtukute kazini. Siku yoyote inafaa, isipokuwa siku ya slabu.

Wenu mtiifu,

Fomani wa mjengo,
Manyatta, Kisumu.